Tangi Lililoitikia Salamu

Kwanza niseme wazi: mimi na samaki hatuna ugomvi. Nikimkuta kwenye sahani namshukuru Mungu, nikimkuta kwenye maji namwacha na maji yake. Lakini kusimama pekupeku sebuleni kila asubuhi, kutumbukiza vidole kwenye tangi na kumwamkia samaki, hapo nilikataa katakata. Nikaitwa mtoto asiye na adabu, ndani ya nyumba nilimozaliwa.

Tangi lilikuwa la marehemu Baba. Kazini alikuwa karani wa ghala, mtu wa kuhesabu magunia, lakini roho yake yote ilikuwa kwenye waya. Mtaa mzima ulimwita Injinia. Walimwita hivyo kwa kumcheka, yeye akalichukua jina kama cheti. Kitu kikiharibika kwetu hakikwenda kwa fundi. Kilikwenda kwa Baba, kisha kikaenda jalalani. Pasi aliyoitengeneza iliunguza shati lake la kazini, halafu ikakataa kabisa kupata moto. Redio ilisema vizuri ukiigeuza ielekee ukutani. Ukiigeuza ituangalie, kimya. Na swichi ya bafuni ndiyo iliyowasha taa ya jikoni, ya jikoni ikawasha ya bafuni, kwa hiyo mtu akitaka kuoga jioni sharti amwombe aliye jikoni. Sisi tulizoea. Mgeni akipiga kelele gizani na sabuni machoni, tulikumbuka kwamba hatujamwambia.

Humo kwenye tangi aliishi samaki mmoja mnene, rangi ya chungwa, macho yamemtoka kama mtu aliyesomewa bili. Baba alimwita Meneja, kwa sababu alishinda bila kufanya kazi yoyote na wakati wa kula alikuwa wa kwanza. Muuzaji alisema samaki wa aina ile anaishi kwenye maji ya kawaida tu. Baba akasema muuzaji hana huruma, akamtilia Meneja hita, kijiti cha kioo cha kupasha maji joto, pamoja na pampu ndogo ya kutoa mapovu. Waya zote alifunga mwenyewe. Alipomaliza akapiga marufuku mtu yeyote kutia mkono, eti samaki anaogopa mikono ya watu. Yeye alimlisha akiwa amevaa mabuti yake ya ghalani, yale ya soli nene ya mpira, wakati kwetu hakuna anayevuka mlango na viatu hata awe nani. Mama aliyaangalia mabuti yale juu ya sakafu yake ya saruji, akameza mate, akaendelea na mambo yake.

Baba alikufa kwa moyo, kazini, ameegemea magunia. Kimya kimya kabisa, mtu ambaye sote tulidhani ataondoka kwa kishindo.

Watu wa msibani walipokwisha kutawanyika, kazi ya kumlisha Meneja ikamwangukia Mama. Akasogea pekupeku, kama anavyotembea siku zote, akafungua kopo la chakula, kifuniko kikamponyoka kikatumbukia. Akatia mkono akiokote. Mimi nilikuwa chumbani najiandaa kwenda kazini, nikamsikia akiguna, mguno mdogo wa mtu aliyeguswa bega asitegemee. Nilipotoka nilimkuta amekaa kwenye kochi, mkono ameukumbatia, machozi yanamtoka na uso unacheka. Akaniambia, "Baba yako kanishika vidole."

Sasa mimi nina saluni. Nafanya kazi ya maji na umeme kwa mpigo, nywele zinadondosha maji huku, dryeri inavuma kule. Dryeri ilishawahi kunitandika nikiwa nimevua ndala, nikarushwa mpaka kwenye mabeseni, na mteja wangu akaondoka na rola kichwani. Kwa hiyo nilipotia kidole kwenye lile tangi na kusikia ule mtekenyo unapanda hadi kwenye kiwiko, sikuhitaji kuelezwa na mtu. Nilimjua yule. Nikamwambia Mama kwamba huo ni umeme unavuja, leo unatekenya, kesho utamshika usimwachie, nami nitakuja kumkuta sakafuni. Mama akanitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama kiziwi kwenye ngoma.

Nikachomoa plagi. Mama akaacha kula. Akakaa mbele ya tangi, ametia mkono kwenye maji yaliyopoa, hasemi na mtu, mpaka jirani wakaanza kuniangalia vibaya. Nikarudisha plagi, naye akaizungushia gundi ya karatasi ili nisiichomoe tena. Nikamnunulia ndala za mpira, nzuri, zenye ua. Akashukuru sana, akaziweka mlangoni na viatu vya wageni. Alisema mtu hamsalimii mume wake na ndala.

Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Unafika, unavua viatu, unakwenda kwenye tangi, unatia vidole, unamwamkia Injinia, naye anakuitikia. Jirani mwenye goti bovu aliitikiwa vizuri hata akasema goti limelegea, akawa anakuja na mkate kila anapopita sokoni. Umeme ukikatika mtaa mzima, Mama alitangaza kwamba leo amepumzika, asisumbuliwe. Nilisema, mnasikia lakini mnachosema? Umeme ukikatika na yeye anapumzika! Wakaniambia hata alipokuwa hai umeme ukikatika hakuwa na la kufanya. Nikaenda zangu saluni. Meneja naye alizunguka humo ndani akipanua mdomo na kufumba, haumwi hata ukucha, kama kawaida ya mameneja.

Mama hakunigombeza. Ndicho kilichoniuma. Kila asubuhi alimsalimia, kisha akageuka kuniangalia mimi kwenye mlango wa jikoni, anasubiri. Mimi nikachukua mkoba wangu nikatoka. Nilikuwa namlilia Baba kama yeye, jamani, lakini mimi nililia bafuni, na taa imezimwa, kwa sababu hakukuwa na mtu jikoni wa kuniwashia.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake Baba. Yeye hakuitikiwa. Alikuja akatia vidole, kimya. Akatia mkono, kimya. Akamwita kaka yake kwa jina la utotoni, kimya kitupu, Meneja akamgeuzia mkia. Jirani wa goti akaingia nyuma yake, akaitikiwa papo hapo. Baba Mdogo alirudi kwenye kochi amenywea, akasema ana hakika kaka yake ameondoka na kinyongo.

Mimi niliona nini? Niliona miguu yake. Baba Mdogo ana vidole vya miguu vilivyopinda, sakafu baridi inamtesa, na Mama alikuwa amemruhusu yeye peke yake kuvaa ndala za mpira ndani. Ningeweza kumwambia. Nani angenisikiliza? Na kusema kweli, nilitaka kuona mwisho wake.

Mwisho wake ulikuwa kwamba Baba Mdogo alianza kuungama. Alikuja kila Jumapili, akavuta kigoda mbele ya tangi, akatia mkono na kumwambia samaki dhambi zake. Alianza na ndogondogo. Utotoni alivunja mtungi, akamsingizia kaka yake, kaka akachapwa. Kimya. Akasema siku ya harusi ya kaka yake aliwaambia watu kwamba bibi harusi ana maneno mengi. Mama akaguna kutoka jikoni, tangi, kimya. Akaendelea kuchimba, Jumapili hadi Jumapili, akawa anasafisha roho kuliko alivyotakiwa, na mwisho akaifikia baiskeli. Baba alikuwa na baiskeli nzuri iliyoibiwa uani, akailalamikia mpaka kufa. Kumbe haikuibiwa. Ilikuwa kwa Baba Mdogo, imepakwa rangi nyingine.

Siku hiyo ya baiskeli Mama alikuwa ametoka kupiga deki na sakafu haijakauka. Alisimama na dekio mkononi, ametoa macho. Baba Mdogo akageuka kwake, analia kama mtoto, akamuuliza shemeji yake afanye nini tena, dhambi zimekwisha na kaka bado amenuna. Mama akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwambia mtu anayeomba msamaha wa baiskeli angalau avue ndala.

Nilikuwa kwenye mlango wa jikoni namenya viazi, nikiwaona kwa mbali. Nilisikia ndala moja inavuliwa, nikasikia ya pili. Nikaacha kisu nikakimbia, lakini sebule yetu na jikoni vina korido ndefu na mimi nina mwili wangu. Nilipofika mlangoni Baba Mdogo alikuwa amesimama kwenye maji ya deki kwa miguu yake mitupu, amekunja shati, ameuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Sikuwahi kuona mtu mzima anaruka namna ile kinyumenyume. Alipiga kigoda teke, akalipita kochi kwa juu na kutua nyuma yake, na picha ya ukutani ikamfuata. Nikajua amekufa. Kisha kikatokea kichwa juu ya mgongo wa kochi, nywele zimetawanyika, na uso unang'aa kwa furaha.

"Kanisamehe," alisema. "Kaka kanisamehe yote."

Nikashusha pumzi. Nikamgeukia Mama nimwambie sasa umeona, na nilichokiona kilinikata maini. Mama hakuwa na hofu. Alikuwa na wivu. Alikuwa anamwangalia shemeji yake kwa jicho ambalo sijawahi kuliona, midomo imebana, na akasema kwa sauti ya chini kwamba miezi yote hii yeye anaguswa kwa ncha za vidole tu, na mwizi wa baiskeli anakumbatiwa. Akaweka dekio chini. Akaanza kukunja mkono wa gauni.

Nilipiga yowe nikimwambia Mama usiguse, akakanyaga kwenye yale maji. Kumshika nisingeweza, na mimi nilikuwa pekupeku, tungekwenda wote. Plagi ilikuwa nyuma ya tangi, imezungushiwa gundi tabaka kwa tabaka. Swichi kuu ya nyumba iko juu ya mlango wa mbele, nikanyakua lile dekio, nikaruka juu ya kochi, nikaipiga kwa mpini. Ikagoma. Nikaipiga tena kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu, ikashuka na kipande cha ukuta.

Taa zikazima. Pampu ikaacha kukoroma. Mapovu yakapanda ya mwisho mwisho, yakaisha. Na Mama mkono wake ulikuwa tayari ndani ya maji.

Alisubiri. Nilimwona anasubiri, shingo ameiinamisha kidogo kama mtu aliyebisha hodi. Alichezesha vidole. Meneja akaja akavinusa, akaona si chakula, akaenda zake. Mama akabaki vilevile, na mimi juu ya kochi na dekio langu.

Nikamwambia, na safari hii sikupiga kelele. "Mama, ule ni umeme. Si Baba. Ni umeme."

"Najua," alisema Mama.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Najua kuwa ni umeme," alisema tena, bila kuutoa mkono. "Unadhani nimekaa na baba yako miaka yote ile sijui umeme unaumaje? Pasi imenipiga. Jiko limenipiga. Lakini waya huu nani alifunga? Si yeye? Kila kitu alichokitengeneza humu ndani kimekufa, mwanangu. Hiki ndicho pekee ambacho bado kinafanya kazi."

Hapo nikakaa chini palepale juu ya kochi. Kuanzia siku ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kubishana na mtu asiyejua. Baba Mdogo alitoka nyuma ya kochi taratibu, akauliza kwa sauti ndogo kama ina maana hajasamehewa.

Mwishowe nikasema nilichokuwa nacho. Nilimwambia Mama, "Baba nimeshamzika. Na wewe unataka nikuzike kwa kazi yake mbovu? Watu watasema Injinia alimuua mke wake." Nadhani neno mbovu lilimuuma. Lakini nadhani la kusemwa mumewe na watu ndilo lililomtoa mkono majini. Akaufuta kwenye gauni, akaniambia nimwite fundi, ila aje mtu mwenye adabu.

Fundi umeme alikuja kesho yake, na vita ikaanza mlangoni. Mama alimwonyesha pa kuweka viatu. Fundi akayatazama mabuti yake, akalitazama tangi, akasema kwa heshima zote, "Mama, fundi umeme anayevua viatu ni marehemu anayesubiri siku yake." Mama alifikiri kidogo, akasema mume wake naye alikuwa havui. Akampisha.

Alikuta mambo. Kioo cha hita kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia ndani kwenye umeme. Plagi ilikuwa na miguu mitatu, mmoja umekatwa kwa msumeno kwa sababu soketi ya Baba ilikuwa na matundu mawili. Na huo uliokatwa ndio wa waya wa ardhi, wenye kazi ya kuupeleka chini umeme unaovuja. Na pale waya ulipoungwa, badala ya utepe wa umeme, Baba alifunga plasta ya kidonda. Ilikuwa imefungwa vizuri sana, kwa mikunjo, kama kidole cha mtoto. Fundi akauliza kama kuna mtu aliwahi kutia mkono humu. Tukatazamana. Jirani wa goti, aliyekuja kushuhudia, alitazama dari.

Fundi akaeleza kwamba Meneja hakuumia kwa sababu yuko majini tu, hagusi chini, umeme haupati njia ya kupita kwake. Njia ilikuwa mtu mwenye miguu mitupu. Baba Mdogo akauliza polepole, na mwenye ndala? Fundi akasema mwenye ndala za mpira hapati kitu. Mzee wa watu akaanza kuyapitia maungamo yake moja baada ya jingine, Jumapili baada ya Jumapili, yote aliyoyatoa bure. Akasema kumbe kaka hakumsamehe.

"Hilo fundi hawezi kulijua," alisema Mama. "Baiskeli irudishe."

Hita mpya haikuwekwa. Fundi alisema samaki yule haihitaji, kama alivyosema muuzaji, na Mama akanong'ona kwamba watu hawana huruma. Soketi ikabadilishwa, waya wa ardhi ukafungwa, na kwenye swichi kuu kikawekwa kifaa kinachokata umeme chenyewe ukianza tu kuvuja. Plasta ile Mama aliiomba. Fundi akaikata pamoja na kipande cha waya akampa, Mama akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

Halafu fundi akaniita kando. Alikuwa ameijaribu nyumba nzima, akasema kuna jambo jingine la aibu kidogo: swichi ya bafuni na ya jikoni zimepishana. Hazina hatari yoyote, ameangalia waya ni salama kabisa, ila ni ujinga tu, na kuzirudisha ni kazi ya kugeuza mkono. Nilimwona Mama amesimama kwenye korido, ameshika pindo la kanga.

Mimi, ambaye tangu utotoni nimetukana zile swichi kila jioni ya Mungu, nilimwambia fundi aziache. Akaniuliza nina hakika. Nikamwambia kwa ukali kwamba amelipwa kwa alichoitiwa. Akafungasha vifaa vyake.

Jioni nilikuwa jikoni gizani, nimesimama tu. Mama alikwenda bafuni. Nikamsikia anapapasa ukuta, na taa ya jikoni ikawaka juu ya kichwa changu. Ikazima. Ikawaka tena. Hakuwa anatafuta mwanga. Alijua kabisa, kama alivyojua siku zote. Alikuwa ananisubiri, kama kila asubuhi alivyonisubiri.

Nikainua uso kwenye ile balbu, macho yakanijaa maji, nikasema, "Shikamoo, Baba."

Kisha nikanyoosha mkono nikabonyeza swichi ya jikoni, ili Mama naye aone.